Mawe ya Mizani Kwenye Upindo

Jumapili, 1 Juni

Nimeaibishwa mbele ya kanisa zima na sikufanya lolote! Nilikuwa nimekaa tu kwenye benchi langu la nyuma — lile lenye miguu ya chuma, mengine siyaamini. Mchungaji akasoma majina ya watakaobatizwa wiki mbili zijazo. Akasoma la Mwalimu Mkuu. Akasoma la binti yangu, nikatabasamu. Kisha akasema, "Na mama yake." Watu wakageuka wote kwa pamoja. Wakapiga makofi! Mama Shemasi, yule wa miwani yenye kamba, akapiga kigelegele.

Sikujiandikisha mimi. Binti ndiye aliyeniandikisha.

Hapa naweza kusema ukweli, hakuna anayesoma. Nimempokea Bwana siku nyingi na sina mashaka naye. Mashaka yangu ni birika la ubatizo. Ubatizo wa kwanza nilisingizia mafua. Wa pili nikaenda msibani, na marehemu hata simjui vizuri. Wa tatu nikajifunga bendeji mguuni, nikachechemea wiki nzima, katikati nikasahau ni mguu upi. Kanisa letu hawakunyunyizii maji kichwani mambo yakaisha. Wanakuzamisha mzima mzima. Unatoka umelowa chapachapa, joho limekuganda mwilini, na mkutano wote unakutazama ukienda kuchukua taulo. Mara ya mwisho nilimwona nesi mmoja akitoka mle anakimbia. Nesi mwembamba, wa kupita chini ya mlango! Sasa mimi je?

Halafu kuna Mchungaji mwenyewe. Mtumishi wa Mungu, nampenda, lakini ni mdogo. Naweza kumbeba kwapa hili, na kwapa la pili nikabeba jora la kitambaa. Huyo ndiye wa kunilaza majini na kuniinua! Bwana, wewe ndiye uliyetuumba wote wawili, mimi na yeye. Hukuliona hili?

Jumatatu, 2 Juni

Nilimbana Binti jioni akiwa anaosha vyombo. Mbona uliniandikisha bila kuniuliza? Akasema hataki kuingia peke yake. Nikamwambia hatakuwa peke yake, watu wako wengi. Akasema, "Mama, wewe usipoingia, na mimi siingii." Basi. Akaendelea kusugua sufuria.

Alikuwa amevaa sweta. Jikoni, ubavuni mwa jiko, jua halijazama! Nikamwambia avue hilo sweta kabla hajaiva. Akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Na hilo koti lako?"

Kweli nilikuwa nimevaa koti. Lile la kahawia, refu. Nalivaa dukani, nalivaa kanisani, nalivaa nikipika. Nilipoulizwa ndipo nikakumbuka kwamba liko mwilini. Nikasema koti langu ni la baridi. Akasema na sweta lake ni la baridi. Tukabaki tumesimama pale wote wawili, jasho linatutiririka, hakuna anayetaka kushindwa.

Ana miaka kumi na minne. Amechukua mabega yangu na mapaja yangu, hilo nalijua tangu zamani. Lakini leo nimeona kitu kingine. Alipotoka jikoni alipita mlangoni kwa ubavu, kabana pumzi. Mlango ni mpana, kabati limepita pale! Hivyo ndivyo ninavyopita mimi. Sikumfundisha. Sijui amejifunza lini.

Jumatano, 4 Juni

Majoho ya ubatizo nashona mimi, maana fundi wa kanisa ni mimi. "Mama Cherehani atashona," wanasema, kama vile ninakula na kulala juu ya cherehani. Leo nimepima watu.

Hakuna anayepimwa akabaki mtu yule yule aliyeingia mlangoni. Mwalimu Mkuu alivuta tumbo ndani mpaka macho yakamtoka. Nikamwambia, "Pumua, Mwalimu, wanabatizwa walio hai." Akasema anapumua. Hapumui! Nikamwanzishia habari ndefu za mvua mpaka akachoka, tumbo likarudi nyumbani kwake, nikapima haraka. Kijana muuza simu amekuja na mashati matatu, moja juu ya jingine, ili aonekane ana kifua. Bibi mmoja akaniomba nimpunguzie matiti kwenye vipimo, niandike kidogo tu. Nikamwambia, bibi yangu, nikiandika kidogo joho ndilo litakalokuwa dogo, matiti yatabaki pale pale.

Wote nawaambia maneno yale yale: simama wima, usiwe na wasiwasi, mwili ni mwili. Naongea kama nabii! Na futi iko shingoni mwangu kutwa nzima, haijawahi kushuka chini ya shingo. Nguo zangu nakata kwa kukisia. Natandaza ya zamani juu ya kitambaa kipya, naongeza kidogo pembeni, nafumba macho, nakata.

Mama Shemasi ameleta kitambaa. Cheupe na chepesi! Nilikiinua dirishani nikamwona muuza maji ng'ambo ya barabara, nikaona na rangi ya ndoo zake. Nikauliza, mama, na hiki kikilowa? Akasema siku hiyo tutakuwa tunamtazama Bwana. Sawa. Ninyi mtamtazama Bwana. La kwangu nalitia bitana mara mbili.

Ijumaa, 6 Juni

Nimepata dawa!

Kuganda ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni kupanda. Ukishuka zile ngazi za birika hewa inaingia chini ya joho, joho linatuna na kuelea juu ya maji, na miguu inabaki huko chini hadharani, haina mwenyewe. Ndicho kilichomkimbiza nesi. Sasa sisi mafundi, pazia likiwa la dirisha la upepo, tunashonea vyuma vidogo kwenye upindo ili litulie. Na kama kuna nyumba yenye vyuma ni ya kwangu.

Mume wangu ni fundi wa mizani. Mtaani wanamwita Mizani, nadhani hata mama mkwe amesahau jina alilompa. Anatengeneza mizani za wauza nyama, za wauza nafaka, za zahanati. Sebuleni mizani, chini ya kitanda mizani, na bafuni kuna moja ya kusimama juu yake, ambayo mimi huizunguka kama mbwa nisiyemjua. Pia ana sanduku la mawe ya mizani, ya shaba, makubwa kwa madogo, anayotumia kuhakikisha mizani za watu. Yale madogo yanaingia kwenye upindo utadhani yalitengenezwa kwa kazi hiyo.

Nilianza na machache. Nikalitikisa joho, likapanda kidogo. Nikaongeza. Nikatikisa. Nikaongeza. Mwishowe niliona vibaya kuyaacha yaliyobaki yakae sandukuni peke yao, nikashona yote madogo na mawili ya wastani kwa nyuma. Sasa joho linaning'inia wima kama mlango. Halitikisiki hata kwa kimbunga.

Asante, Bwana, kwa kunipa ufundi.

Jumamosi, 7 Juni

Siendi.

Siendi! Hata malaika waje kunichukua na gari.

Mchana nilipeleka majoho ya wenzangu kanisani. Mlango uko wazi, ndani hakuna mtu. Nikasikia — puu! — halafu mtu anaguna. Sauti inatoka kwenye birika. Birika letu liko chini ya sakafu wanaposimama kwaya, siku ya ubatizo mbao zinaondolewa. Nikasogea, nikachungulia. Halina maji bado. Mle chini alikuwa Mchungaji, amekunja mikono ya shati, amekumbatia gunia la mchanga. Mama Shemasi amesimama ngazini anamwelekeza. "Kunja magoti kwanza! Shika kiunoni, baba!" Mchungaji akatamka maneno ya ubatizo kwa heshima zote, akalilaza gunia chali, akajaribu kuliinua. Likagoma. Akavuta kwa nguvu zake zote. Likaja, likamwangukia.

Gunia lilikuwa limefungwa kilemba.

Kilemba cha zambarau! Kama changu cha Jumapili!

Nikaweka majoho kwenye benchi, nikatoka kwa ncha za vidole. Nimelia njia nzima, uso nimeuzika kwenye kola ya koti. Karibu na nyumbani nikashikwa na hasira nyingine, kwamba gunia lenyewe walilichukua dogo. Dogo kabisa! Wangeshindwa na mimi mara tatu. Sijui kwa nini hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumapili, 8 Juni

Sikwenda kanisani. Kichwa.

Mume wangu alikwenda na Binti. Wanasema Mchungaji amehubiri ameinama, mgongo unamsumbua. Afadhali. Nisamehe, Bwana. Nisamehe nusu kwanza, nusu nyingine bado naitaka.

Binti ameniuliza kama kichwa kinauma kweli. Nikasema kweli kabisa. Akasema haya, basi na chake kitauma Jumapili ijayo.

Jumanne, 10 Juni

Mchungaji amekuja dukani! Nilimwona akivuka barabara, nikajitupa nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Mimi na pazia lile hatukuumbiwa kufichana. Akaingia, akasimama, akasema kwa upole, "Mama, nakuona." Nikatoka na pini mdomoni kana kwamba nilikuwa kazini.

Akasema alikuta majoho kwenye benchi, akajua nimeona. Nikamwambia nimeona, na kilemba nimekiona. Akasema kilemba lilikuwa wazo la Mama Shemasi, ili azoee kwamba ni mtu. Akasema halikuwa wazo zuri, na mazoezi yenyewe hayakuwa mazuri, na amekuja kuomba msamaha. Nikasema kwa hiyo mimi ni gunia. Nilisema kwa sauti ya juu, na mchungaji wangu!

Akakaa kwenye kiti cha wateja. "Mama, tatizo si wewe kuwa mzito," akasema. "Tatizo ni mimi kuwa mwepesi."

Akanieleza. Chuoni walimwita Nukta. Kwenye mimbari anasimama juu ya kreti ya soda iliyofunikwa kitambaa — na kitambaa chenyewe nilikishona mimi, nikidhani ni cha meza! Hata mle birikani anawekewa kreti, kwa sababu maji yanayowafika watu kiunoni, yeye yanamfika kifuani. Kila ubatizo ukikaribia anaota amemwangusha mtu majini na watu wanacheka. Amezika, amefungisha ndoa, amewaombea wagonjwa wakapona, lakini akiingia kwenye chumba chenye wanaume warefu bado anatafuta pa kukaa upesi. Alisema yote hayo akitazama cherehani, hakunitazama mimi.

Nikafanya ninalolijua: nikavua futi shingoni, nikampima joho lake, maana alikuwa hajapimwa. Nilipofika kwenye urefu nikaona namba na macho yangu havielewani. Nikatazama chini. Amesimama kwa vidole!

"Visigino chini, Mchungaji."

Akashusha. Tukaonana kwenye kioo, mimi nimejaa kioo, yeye amebaki kwenye kona. Akaanza kucheka yeye. Nikafuata. Tulicheka mpaka fundi viatu wa jirani akaja kuuliza kama kuna usalama.

Akiwa mlangoni nikamuuliza, sasa Mungu ana maana gani kutukutanisha sisi wawili kwenye birika moja? Akasema na yeye ameuliza hivyo hivyo kwenye maombi. Hajajibiwa.

Alhamisi, 12 Juni

Nyumba imepinduliwa! Kesho mkaguzi wa vipimo anakuja kukagua vifaa vya mume wangu, na mawe madogo hayamo sandukuni. Ametafuta kwenye makabati, ametafuta kwenye viatu, amemshuku jirani, amemshuku paka. Paka, mawe ya mizani! Mimi nilikuwa nashona vifungo, kichwa chini, mtu wa kazi. Alipoanza kuinua godoro moyo ulinishinda. Nikaenda nikalileta joho, nikaliweka mezani. Lilitua kwa kishindo, glasi zikaruka.

Akalishika, akalipandisha na kulishusha. Mikono yake inajua uzito kuliko mizani yenyewe. Akakaa chini.

"Mke wangu," akasema, "ungezama."

Kisha akafikiri. "Yaani ungebaki huko huko. Na Mchungaji yule!" Akainuka akaanza kuniigizia Mchungaji anavyovuta, anapumzika, anavuta tena, na mimi nimetulia zangu chini ya birika, na kwaya wameishiwa nyimbo wanarudia za Krismasi. Nilicheka nikashika meza. Tulicheka wote wawili mpaka machozi. Halafu akaacha, akaniuliza taratibu kwa nini nilifanya hivyo.

Nikamwambia. Sikuwahi kumwambia, na tumelala kitanda kimoja maisha yote haya. Nikamwambia habari za koti, za mlango, za ile mizani ya bafuni. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye kutwa nzima anapimia watu vitu vyao, na akirudi nyumbani anashukuru kuna kimoja kisichohitaji kupimwa. Akaona amesema vibaya, mimi si kitu. Akajaribu tena, ikawa mbaya zaidi, akaingiza nyama ya ng'ombe. Lakini nilimwelewa. Nilimpenda leo kuliko siku ya harusi.

Hatukumwona Binti mlangoni. Kishindo kilimleta. Akaja akapapasa upindo, akauliza mawe haya ni ya nini. Nikasema ili joho lisipande. Kwa nini lisipande? Nikasema, watu wasinione miguu. Hakucheka. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa sababu ya maana.

"Na mimi nilitaka kukuomba uniwekee," akasema.

Niliumia. Naandika hivyo hivyo, niliumia. Baba yake alitazama pembeni. Tukakaa watatu kufumua upindo, mawe yanarudi sandukuni na kulia ting, ting.

Ijumaa, 13 Juni

Mkaguzi amekuja, ameridhika, ameuliza tu kwa nini mawe yana nyuzi nyeupe.

Asubuhi kabla sijafungua duka nilisoma Injili, pale Bwana anapobatizwa. Nimepasoma mara nyingi. Leo nimepasoma kama fundi. Aliingia mtoni na nguo zake. Basi alitoka zimelowa. Zimemganda! Hakuna Mama Shemasi wa kumpokea na taulo. Watu wamejaa ukingoni, wanakodoa macho, maana watu ni wale wale. Na ni pale pale, maji yanamchuruzika, nywele zimelala usoni, ndipo Baba yake akasema kutoka mbinguni kwamba huyu ni wake na anapendezwa naye. Hakumngoja akauke! Hakumngoja abadilishe nguo. Na alikuwa hajafanya muujiza hata mmoja.

Nilikaa chini na Biblia mapajani.

Nimekuwa nikidhani Mungu ananipenda kama mimi ninavyompenda mteja msumbufu: kwa uvumilivu. Ananitazama, anavuta pumzi, anangoja nipungue kwanza ndipo tuzungumze. Lakini hakuna mtu anayependezwa na kitu kwa uvumilivu. Ama unapendezwa ama hupendezwi.

Halafu mimi ni fundi jamani. Sijawahi kumwambia mteja kwamba nguo iko sawa, ni wewe uliyekosewa. Nguo isipomkaa mtu, nguo ndiyo inayorudi mezani. Wateja wote nawatendea hivyo. Mimi mwenyewe nikajifanyia kinyume, na mtoto akiwa ameketi pale anatazama.

Niliomba kwa sauti, nimesimama katikati ya duka. Bwana, moyo bado haujafika, lakini kichwa kimeelewa, uvute na moyo. Mteja alikuwa ameingia katikati ya maombi. Akaitika amina, akauliza suruali yake.

Jumamosi, 14 Juni

Nimejipima. Kwa futi! Nilifunga mlango wa duka, nikasimama mbele ya kioo bila koti. Kiunoni nikajikuta nimevuta tumbo ndani kuliko Mwalimu Mkuu. Nikajiambia, "Pumua, mama." Nikapumua. Namba sikuiogopa sana kama nilivyodhani. Ni namba tu, inataka kitambaa chake.

Nimeshona joho jipya, bitana moja, upindo mtupu. Limenikaa. Nilisahau nguo iliyokutosha inavyokuwa, kwamba huihisi kabisa.

Nimerudi nyumbani bila koti. Nilijiona niko uchi barabarani, nikatembea kifua mbele kwa woga. Hakuna aliyegeuka ila mbuzi mmoja. Karibu niudhike! Miaka yote nimejifunika jua likiwaka, na mtaa mzima una shughuli zake.

Jioni nilimweleza Binti habari za zile nguo zilizolowa na ile sauti. Alisikiliza vizuri. Kisha akasema, "Lakini yeye alikuwa Yesu." Mtoto wa fundi mizani, kila kitu lazima kilingane! Nikamwambia nadhani alishuka majini na wenye dhambi wote ili sisi tukishuka tuisikie sauti ile ile. Akasema labda. Nikamwambia kesho natangulia mimi. Akasema ataona.

Jumapili, 15 Juni

Naandika nimelowa. Wino unatembea, ukurasa unaharibika, acha uharibike. Niko kwenye chumba cha shule ya Jumapili, ndimo tunamobadilishia nguo. Viti ni vya watoto, nimekaa juu ya meza. Chini yangu kuna dimbwi.

Nimebatizwa!

Nilishuka ngazi na joho likapanda. Likapanda kweli, likatuna, miguu yangu ikabaki wazi ndani ya maji, nikaitazama na mimi. Mchungaji alikuwa juu ya kreti yake, uso umempauka. Akanong'ona, "Tayari, mama?" Nikanong'ona, "Visigino chini." Akatamka maneno, akanilaza. Jamani, kule chini mimi ni mwepesi! Hakuna aliyewahi kuniambia. Nililala juu ya mkono wa mtu mdogo vile na sikuwa na uzito wowote. Kisha nikahisi mkono unateleza, kreti inakwenda zake, na mtumishi wa Mungu anakuja kuungana nami huko huko. Basi nikasimama mwenyewe. Na kwa kuwa hakuwa ameniachia, nikasimama naye. Nimeibuka na mchungaji kwapani! Wimbi likapanda juu ya ukingo, likawafuata wazee wa kanisa mpaka kwenye benchi lao la mbele, likaingia kwenye viatu.

Kanisa zima likaangua kicheko.

Kicheko kile ndicho nilichokikimbia na mafua, na msiba, na bendeji. Kimenipata. Nilisimama katikati yake, joho limenishika kila mahali, nikangoja nife kwa aibu. Sikufa. Mchungaji akatema maji, akapaza sauti, "Amina!" naye anacheka huku analia. Nikasema moyoni, Bwana, umeniona nilivyo sasa hivi, hivi hivi? Unapendezwa? Na nikajua. Siwezi kuliandika vizuri zaidi ya hapo. Nilijua, kama nilivyojua kwamba maji yana baridi. Nikacheka kwa sauti, tumbo langu lote likacheka ndani ya joho jeupe, watu wakaona. Nikapanda ngazi. Mama Shemasi akanyoosha taulo na kugeuza uso kwa heshima. Nikatembea mbele ya mabenchi mwendo wangu wa sokoni.

Binti ameyaona yote kutoka mlangoni. Nilipoingia nilimkuta amevaa sweta juu ya joho, vifungo vyote mpaka shingoni.

"Walicheka sana?"

Nikasema sana.

"Ukajisikiaje?"

Nikasema vibaya, halafu vizuri. Sitamdanganya mtoto leo. Akanitazama nilivyoganda, mabega, tumbo, mapaja, kila kitu. Nilitamani koti. Nikasimama tu, atazame.

Mwalimu Mkuu amekwenda, amerudi, bado amevuta tumbo. Yule bibi amekwenda, amerudi anaimba. Muuza simu amerudi anatetemeka na kifua chake halisi. Amebaki yeye. Mchungaji ameita jina lake. Ameita tena.

Akavua sweta. Alilitupa mapajani mwangu na kuniambia, "Usinichungulie. Ukinichungulia narudi." Nikaapa. Ndiyo maana naandika, macho yapate kazi.

Wanaimba. Wameacha. Namsikia Mchungaji, anatamka polepole, hana haraka. Maji yamelia.

Kimya. Mbona kimya? Mbona hawaimbi? Bwana, huyu ni mtoto, mimi nilikuwa na miaka ya kuzoea, yeye hana. Mtu amekohoa. Kuna anayecheka? Sijui kama ni kicheko. Mlango uko hapo hapo na nimeapa.

Nyayo. Nyayo zilizolowa, kwenye sakafu. Mama Shemasi anasema chukua taulo, mwanangu, jifunike, kimbia ndani. Nyayo haziongezi mwendo. Zinakuja, zimefika karibu na benchi la wazee. Zimesimama! Kwa nini zimesimama? Mzee mmoja anamuuliza maji yakoje, na yeye anamjibu, anamweleza, sauti yake ile ya nyumbani. Mama Shemasi anasema tena, taulo, mwanangu, taulo! Naye anasema, "Subiri kidogo, mama, naongea na mzee."